Aliyefunga Kikao Ndiye Ananawisha

Walimchagua kwa ajili ya mwandiko wake. Hilo ndilo kosa lao, na walililipia kwa miaka sita.

Alikuwa karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mwanamke mrefu, mkavu kama ufito, mwenye sauti ya chini inayokulazimu usogee ili umsikie. Wanaume wa maduara hapa Mwakitolyo, yaani wenye mashimo ya dhahabu, walizijua herufi zake, zimesimama mstarini kama mahindi ya mtu mwenye trekta. Kikundi chetu kilipogeuzwa kampuni, afisa wa madini alikuja akatuambia mambo mawili. Bodi iwe na wanawake, si wa kupika, wa kupiga kura. Na mwenyekiti asiwe na duara, kwa sababu anayegawa nyama hatakiwi kuwa na sufuria yake pale pale. Wanaume wakatazamana. Mzee Luhende, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mwenye maduara kuliko wote, akajikuna shingo, akasema, "Basi tumchukue yule mama karani. Atatuandikia."

Ndivyo alivyokuwa Mwenyekiti. Sitamwita jina lingine. Hata watoto wa sokoni walimwita hivyo, na mpaka leo ukisema Mwenyekiti hapa kwetu, hakuna anayekuuliza wa nini.

Bodi ilikuwa na watu saba. Yeye, wanaume watatu wa maduara, na sisi wanawake watatu wa mwalo, kule tunakooshea mchanga wa mawe yaliyosagwa. Mimi niliwekwa kwa sababu nilikuwa na mdomo. Shule nilifika darasa la pili, nikatolewa kuchunga ndama, na ndama hawakunifundisha kusoma. Mwenzangu mmoja alikuwa Mama Kulwa, mwanamke wa kufua mwamba kwa nyundo huku mtoto yuko mgongoni. Wa tatu alikuwa mpole, hakusema kitu tangu kikao cha kwanza, na siku aliyosema tulishtuka wote kama tumesikia mbuzi anasalimia.

Mali yetu kubwa ilikuwa lile rundo la marudio. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao mtu mjinga huuona uchafu. Ndani yake bado mna dhahabu, ila inahitaji mitambo na dawa kuitoa. Rundo lile lilibebwa na vichwa vya wanawake, karai kwa karai, tangu mjukuu wangu Kabula akiwa hajaota meno. Lilikuwa refu kuliko ofisi. Mwanamke wa mwalo akikosa kila kitu, alikuwa na lile rundo. Wafanyabiashara kutoka Geita walikuwa wakija, wanalizunguka, wanalipiga teke kidogo kwa kiatu, kama mtu anayetaka kununua ng'ombe lakini hataki mwenye ng'ombe ajue.

Sasa nitakueleza tabia zake, maana mtu ni tabia.

Alivaa kalamu shingoni. Kalamu ya wino wa bluu, imefungwa uzi, inaning'inia ndani ya blauzi mahali wenzake wanapoweka rozari. Mtu akisema jambo kikaoni, aliichomoa polepole. Akisema upuuzi, aliirudisha. Hakukuambia kwamba umesema upuuzi. Uliiona kalamu inarudi kulala, ukakaa.

Alipenda michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa. Alitembea navyo mkobani, akitafuna kwa upande mmoja wa mdomo, na hakumgawia mtu. Nilimuuliza siku moja, "Mwenyekiti, hata kipande?" Akasema, "Wewe una meno yako na shamba lako." Bahili yule. Alinisifu mara moja tu katika miaka sita, na hiyo nitaifikia.

Alikuwa na mambo yanayopigana. Nje ya ofisi, akikutana na Mzee Luhende, alipiga magoti vumbini kama binti wa Kisukuma aliyelelewa. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mayu," yaani mama. Magoti yote mawili, na macho chini. Akishavuka kizingiti hakumpigia goti mtu. Mama Kulwa alisahau siku moja, akampigia Mzee goti ndani ya kikao akimpa karatasi. Mwenyekiti akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mama Kulwa, inuka. Goti lina mahali pake. Hapa ndani ukipiga goti, na kura yako imepiga goti."

Mzee Luhende akanung'unika, "Unatuharibia wake zetu."

"Hapana, baba. Nikitoka nje nitakuamkia tena."

Na kweli alitoka, akamwamkia tena. Wanaume walikosa pa kumshikia. Angekuwa jeuri kotekote wangemfukuza mwezi wa kwanza.

Kwenye haki alikuwa mgumu mpaka anakera. Kampuni ilipotaka lori la kubebea mawe, mdogo wake wa tumbo moja alileta maombi. Lori zuri, jipya kuliko mengine. Mwenyekiti akasimama, akasema, "Huyu ni ndugu yangu. Mimi sina mdomo hapa." Akatoka nje. Tulimwona dirishani amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, anamenya karanga juani. Tukajadili. Mzee Luhende alitaka kumpa yule mdogo kazi, nadhani ili amfunge dada mtu. Sisi wengine tukaona bei yake imezidi. Akanyimwa. Yule mdogo wake alikaa mwaka mzima bila kumsalimia dada yake, hata kwenye msiba wa shangazi yao aligeuza mgongo. Mwenyekiti hakulalamika. Ila nilimwona msibani anamtazama ule mgongo, na michembe haikutoka mkobani siku ile.

Lakini simfanyi malaika. Alimkosea Mama Kulwa. Mtoto alikuwa na degedege, mama amekesha zahanati, akafika kikaoni amechelewa na kanga imetapikiwa. Mwenyekiti akamwandika mtoro mbele yetu. Nikasema, "Mwenyekiti, mtoto alikuwa anakufa." Akasema, "Hakufa. Na kikao kilianza." Nilimchukia siku ile. Hata leo nikikumbuka namchukia kidogo. Baadaye nilisikia kwamba alipita kwa Mama Kulwa na sukari, akaiacha mlangoni bila kubisha hodi. Kama ni kweli, hiyo ndiyo sukari pekee iliyowahi kutoka kwake. Angeweza kusema samahani, ingekuwa rahisi kuliko sukari.

Na alikuwa mwoga wa shimo. Alitunga sheria kwamba mjumbe hapigi kura juu ya duara asilolichungulia. Basi tulipotakiwa kuamua kama duara namba fulani lifungwe kwa kuporomoka, akavaa buti, akaja mbele. Wachimbaji wakamzuia. Unajua imani ya machimbo, mwanamke akikaribia shimo, dhahabu inakimbia.

"Mama, usisogee. Itahama."

"Itahamia wapi?"

"Inakimbia tu. Haipendi wanawake."

"Ajabu," akasema. "Mbona mijini nawaona wanawake wameivaa masikioni? Huko inafuata nini?"

Wachimbaji wakacheka, mmoja akaachia njia. Akasogea mpaka mdomoni mwa shimo, akachungulia, kisha nikahisi kanga yangu inavutwa. Ameishika kwa mikono miwili. Uso umekuwa wa majivu. Akaninong'oneza, "Nirudishe nyuma, usiwaonyeshe." Nikamrudisha kama tunatembea tu. Kikaoni alipiga kura lifungwe. Lilifungwa. Wiki haikuisha, ukuta wake ukashuka, na hapakuwa na mtu ndani. Tangu hapo wachimbaji walimwita kwenda kuchungulia mashimo mengine, naye kila mara alinichukua mimi, kwa ajili ya kanga.

Sasa nifike kwenye dole langu. Ningependa kuliruka, lakini yeye angeirudisha ile kalamu kulala.

Kikao cha pili cha bodi Mwenyekiti hakuwepo, alikwenda msibani. Mzee Luhende, makamu wake, akaongoza. Wakati ule desturi yetu ilikuwa ya nyumbani. Kikao kikifika katikati, wanawake tunainuka, tunakwenda nyuma kupakua ugali, tunarudi na jagi na beseni kuwanawisha wanaume. Hakuna aliyetuamuru. Mikono yetu ilijua yenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, wajumbe wa bodi na jagi mkononi.

Tuliporudi siku ile, Mzee Luhende alikuwa ametandaza karatasi. "Shemeji, weka dole hapa. Mahudhurio."

Mahudhurio nilikuwa nayajua. Unaweka dole kwamba ulikuja. Nikafuta mkono wenye unga kwenye kanga, nikabandika. Mama Kulwa akabandika. Wa tatu akabandika. Kisha nikamnawisha shemeji yangu mikono, na akasema ugali umeiva vizuri.

Siku chache baadaye malori ya mfanyabiashara wa Geita yaliingia, na mabeleshi yakaanza kushuka. Tukakimbia kutoka mwalo, matope magotini, tunauliza kuna nini. Dereva akatoa nakala ya karatasi. Bodi imekubali kumpa tajiri wake rundo la marudio. Na chini yake, madole matatu ya wanawake. La kwanza langu. Nililijua kwa kovu la nyundo lililolikata katikati.

Nisikufiche, nilikaa chini palepale. Wanawake wa mwalo walikuwa wananitazama. Mmoja akasema, "Kumbe umetuuza kwa shemeji yako." Na dole lilikuwa langu.

Mwenyekiti alifika mchana akitoka stendi, bado na kitambaa cha msiba kichwani. Alisoma ile karatasi akiwa amesimama. Kisha akaniita pembeni.

"Hili dole ni la nani?"

"Langu."

"Ulisomewa?"

"Hapana. Waliniambia mahudhurio."

"Wakati wanaamua ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alimgeukia yule dereva, akasema kwa adabu, kama anavyomwambia mtu njia ya kwenda kisimani, "Baba, pumzisha vijana wako. Kumbukumbu za kikao hazijasomwa wala kuthibitishwa. Kumbukumbu ambazo hazijasomwa ni uvumi. Na hapa hatubebi mchanga kwa uvumi." Akageuza ndoo, akakaa mbele ya lori la kwanza, akatoa michembe. Wanawake wakakaa nyuma yake, mmoja mmoja. Nami nikaenda nikakaa. Hakuna aliyenisogelea, lakini nilikaa.

Aliitisha kikao Jumamosi. Akasoma ile karatasi kwa sauti, kisha akasema, "Mwenye dole la kwanza asimame aseme alichokubali."

Wewe unayesoma, huenda hujui ni kitu gani kusimama mbele ya kaka wa mume wako, mtu aliyekuzikia mume, aliyekupa mbuzi wa kuanzia maisha, ukasema kwamba amekudanganya. Miguu yangu ilitaka kupiga goti. Nilishika meza. Nikasema, "Shemeji, nakuheshimu. Lakini uliniambia mahudhurio. Sikuambiwa rundo. Dole langu naliondoa."

Mzee Luhende akaniuliza, taratibu, "Mama Masanja, unanitoa mimi mwongo mbele ya watu?"

"Sikutoi kitu, shemeji. Natoa dole."

Mama Kulwa akasimama, akatoa lake. Yule mpole akasimama, na hiyo ndiyo siku ya yule mbuzi aliyesalimia. Akasema, "Na mimi." Maneno mawili. Yalitosha. Mwenyekiti akapigisha kura, rundo likabaki. Malori yakarudi Geita matupu, yanarukaruka njiani.

Siku ile ile alibadilisha desturi. Kikao kinaanza maharage yakiinjikwa, na hakuna uamuzi baada ya maharage kuiva, kwa kuwa mwenye njaa hukubali kila kitu. Hakuna mjumbe anayeinuka kwenda jikoni, apike mtu mwingine. Na kuhusu maji ya kunawa, alisema, "Aliyefunga kikao ndiye ananawisha." Akalichukua jagi mwenyewe. Akaanza na Mzee Luhende, akamaliza na mimi. Mimi, kunawishwa na mwenyekiti wa bodi. Sikujua niweke wapi macho.

Hilo jagi lilimlinda kuliko katiba ya kampuni. Mwaka wa tatu Mzee Luhende alisema mbele ya wote kwamba yuko tayari kumuuzia mwanawe maduara yake ili apate kugombea kile kiti.

"Karibu, baba," Mwenyekiti akasema. "Kiti na jagi vinakwenda pamoja."

"Hata jagi?"

"Jagi kwanza."

Mzee akalitazama lile jagi la plastiki, akatutazama sisi wanawake watatu na mikono yetu. Maduara hakuyauza.

Na kusoma, je? Kikao kilichofuata baada ya dole langu, alinisukumia daftari. "Kumbukumbu utasoma wewe. Kila kikao." Nikamwambia najua herufi, sijui maneno. Akasema, "Maneno ni herufi zilizoshikana mikono. Anza." Nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Wanaume walipiga miayo, mmoja alilala mpaka akakoroma. Maharage yaliungua. Tulikula ugali na chumvi, na Mwenyekiti aliwanawisha bila kuomba radhi. Kikao cha baadaye, vilevile. Nyumbani Kabula alinifundisha kwa vitabu vyake, na wakati mwingine nilimfundisha yeye maneno ambayo shuleni hayamo, kama akidi na ajenda. Sasa Kabula anasomea sheria Mwanza. Huwa nasema hivyo hata nisipoulizwa.

Ilikuwa mwaka wa tano, nilisoma kurasa nne bila kusimama. Nilipofunga daftari, Mwenyekiti alisema, "Maharage hayajaiva." Hayo ndiyo maneno yake ya kunisifu. Niliyabeba nyumbani kama yai.

Miaka sita ilipotimia, tulimwomba abaki. Hata Mzee Luhende alimwomba, akiwa amezeeka, amemzoea kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu. Alikataa. "Mitatu, na mitatu. Mkiona siwezi kuondoka, mjue sikuwafundisha kitu." Akafunga mizigo, akahamia kwao Runzewe. Kikao chake cha mwisho alifunga, akanawisha, akalikausha jagi kwa kanga yake, akaliweka juu ya kabati.

Wanawake wa mwalo wakasema mimi nigombee. Sina duara, sina deni na mtu, na dole langu walishalisamehe. Niliogopa, lakini mfanyabiashara yule wa Geita alikuwa amerudi tena, ana mitambo mipya, analizunguka rundo na kiatu chake. Katibu wetu wa sasa, mtu nadhifu, suruali imenyooka pasi, akanichapia fomu. Kanuni inataka mgombea apendekezwe na mjumbe mwanzilishi aliyestaafu, naye ni mmoja tu. Katibu akaniambia, "Bibi, hii ni utaratibu tu. Apige sahihi hapa chini, uniletee." Kabula alikuwa likizo, akanyoosha mkono aisome. Nikamwambia aache. Nikaikunja, nikapanda basi la Kahama, nikaunganisha mpaka Runzewe.

Nilimkuta asubuhi, amekaa barazani kwenye kigoda, anapepeta choroko kwa kupapasa. Kalamu iko shingoni. Macho yamefunikwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyopoa. Sikuwa nimeambiwa.

"Mwangaluka, Mwenyekiti."

"Mwangaluka." Akainamisha sikio. "Hiyo kanga bado unayo?"

"Ipo."

"Naisikia. Kaa."

Nilimweleza habari. Nikamweleza rundo, mfanyabiashara, na fomu. Akafuta vidole vya choroko. "Sahihi siwezi tena," akasema. "Herufi zinapandana. Nina wino wa dole, wa kuchukulia pensheni. Ulete kutoka dirishani." Nikauleta. Akachovya dole, akalishika hewani, jeusi. Nikaiweka karatasi chini yake, nikashika mkono wake niuelekeze.

Mkono haukuteremka.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma. Jina langu, jina la kampuni, jina lake. Nilisoma haraka, maana nilitaka asikie jinsi ninavyosoma. Nikafika mwisho. "Haya, hapa."

"Mara ya pili. Kama siku ya maharage kuungua."

Nikasoma tena, jiwe kwa jiwe. Katikati ya ukurasa nikakanyaga jiwe ambalo mara ya kwanza nilikuwa nimeliruka. Anapendekezwa kuwa mwenyekiti wa heshima. Nikasimama. Nikaendelea. Mwenye haki ya kuhudhuria vikao vyote na kufungua kwa sala, asiye na kura. Na chini yake, kwa maandishi madogo, kwamba kura ya kiti itashikwa na makamu. Makamu sasa ni mtoto wa Mzee Luhende.

Jogoo alikuwa anawika nyuma ya nyumba. Ilikuwa siku ile ya malori tena.

"Endelea," akasema.

"Hakuna cha kuendelea. Wananipa kiti hakina miguu. Wanataka nisali, halafu rundo liondoke."

"Nani kaliona?"

"Mimi."

"Nani kakusomea?"

"Hakuna. Nimesoma mimi."

Akaleta dole lake jeusi kwenye ukingo wa kigoda, akalifutia pale, polepole, mpaka likaisha weusi. "Sasa?"

"Narudi nayo kama ilivyo. Jumamosi, maharage yakiinjikwa, nasimama, naisoma yote mbele ya kila mtu, kwa sauti, pamoja na yale maandishi madogo. Halafu namwomba Katibu achape nyingine, na aniambie nani alimwagiza hii. Wanawake wa mwalo nawaita waje wakae dirishani. Nikishaipata fomu ya kweli nakuja tena kwa dole lako."

"Na wakikataa?"

"Ndoo ninayo. Nakaa mbele ya lori."

Alipapasa mkobani, akatoa kipande cha michembe. Nilidhani ni chake. Akakivunja kati, akaninyooshea nusu. Miaka sita na zaidi. Nikakipokea kwa mikono miwili.

Ndani, mkwe wake alikuwa ameshapakua. Harufu ya maharage ikaja barazani.

"Basi, hilo limeamuliwa," akasema. "Tumemaliza?"

"Tumemaliza."

"Nani amefunga kikao?"

Nilitaka kusema yeye. Nikatazama ile karatasi mapajani mwangu, safi, haina dole.

"Mimi," nikasema.

Akanyoosha mikono yake miwili mbele, mitupu, akangoja. Nikainuka kwenda kuchukua jagi.